Tembo wa Nje ya Fimbo

Mwishoni mwa mwaka 2013 nilikuwa mwangalizi wa kiti cha nyuma, upande wa kushoto, katika sensa ya tembo ya Selous, pori la akiba la kusini mwa Tanzania. Kazi ukisimuliwa ni rahisi: ndege ndogo aina ya Cessna inafuata mstari ulionyooka, futi 350 kutoka ardhini, nawe unatazama dirishani. Nje, kwenye mhimili wa bawa, zimefungwa fimbo mbili. Mnyama akipita katikati yake unamtaja kwenye kinasa sauti. Kundi likiwa kubwa unalipiga picha, likahesabiwe vizuri mezani. Akipita nje, humtaji. Asubuhi hewa hutulia, ila ikifika saa nne joto la ardhi huanza kuirusharusha ndege, na mfuko wa kutapikia hauondoki mapajani.

Siku ninayoikumbuka, mistari ilipita bila kutaja tembo hai hata mmoja. Mizoga ndiyo niliyotaja. Mipya inajulikana kwa doa jeusi la majimaji yaliyounguza majani pembeni yake. Ya zamani ni mifupa myeupe, na ukiwa angani huonekana kwa mbali kuliko tembo mzima aliyejificha chini ya mti. Nayo huhesabiwa, kwa kuwa uwiano wa mizoga na walio hai ndio unaoonyesha kama wanakufa vifo vya kawaida au wanauawa.

Mara nikawaona: majike na watoto, kwenye mchanga wa mto uliokauka, nje kidogo tu ya fimbo. Mdomo ulinicheza. Baada ya mifupa yote ile, mtu anatamani kutaja kitu kinachotembea.

Tulipotua nikamfuata kiongozi wetu.

“Mzee, wale wa mtoni niliwaona wazi kabisa. Kama kumi na tano hivi.”

“Ndani ya fimbo?”

“Nje kidogo.”

“Basi leo hawapo.”

Akaokota kijiti, akachora mistari mchangani. Tuseme mistari imeachana kilomita tano, na fimbo za pande zote mbili zinatupa ukanda wa mita 300 tu. Hapo kila tembo anayetajwa anawasimamia kama kumi na saba. “Ukiwaingiza hao kwa huruma, umezaa tembo mia mbili na hamsini ambao askari wa wanyamapori hawatawaona popote.”

Januari 2014 matokeo yakatangazwa: tembo 13,084 katika ikolojia ya Selous na Mikumi. Mwaka 1976 walikadiriwa kufika 109,000. Mwaka 2009, karibu 39,000.

Nyumbani, binamu yangu akaniuliza kama hatukuwapita tu bila kuwaona.

“Wengine tuliwapita,” nikamwambia, “tena nikiwatazama.”

Na ni kweli, wapo waliotuponyoka chini ya miombo. Hesabu ya angani kwa kawaida huwapunja wanyama. Lakini waliohesabu mwaka 2009 nao walitumia macho, juu ya miti ileile, na walipata karibu mara tatu ya tuliowapata sisi.