Kabla Basi Halijafika Segera

Alfajiri ya leo nimemsindikiza mwanangu hadi stendi ya Kange, hapa Tanga, akapanda basi la saa kumi na mbili kwenda Dar es Salaam. Safari zake zote zilizopita nilisafiri naye kwa simu: umefika Muheza, mmepita Segera, Chalinze kuna foleni, dereva anakimbiza? Kila alipojibu, moyo ulitulia kwa dakika kumi, kisha ukaanza upya, kama kiu ya mtu anayekunywa maji ya bahari.

Mwanasaikolojia ninayemwona tangu Ramadhani ilipokwisha hakuniambia niache kuogopa. Aliniuliza kama ninachokikimbia ni ajali yenyewe au ni kule kutojua, na swali hilo, nakiri, lilinikera, kwani nilidhani ananichezea maneno. Ndipo akanipa dodoso la sentensi 27, ambamo kila sentensi hupewa namba kuanzia 1 hadi 5 kwa kadiri inavyokuhusu. Zangu nyingi zilikuwa 4 na 5. Alisema lilichapishwa mwaka 1994 na Mark Freeston na wenzake wa Quebec, Kanada, waliokuwa wakichunguza watu ambao wasiwasi hauwaishi, na kwamba kwa watu wa namna hiyo kutojua kwenyewe huumiza, hata pale ambapo uwezekano wa baya kutokea ni mdogo mno. Tiba anayonipa, ya fikra na tabia, ni ya zamani kuliko dodoso; daktari Aaron Beck wa Philadelphia alianza kuijenga miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa sonona, akiwafundisha kuyapima mawazo yao kabla ya kuyaamini.

Lililonichoma zaidi ni langu mwenyewe. Mimi husema inshallah kutwa nzima, na ulimi ukiwa bado unaitamka, kidole kimeshafika kwenye namba ya mtoto.

Kwa hiyo leo ilikuwa zamu ya jaribio: nisimpigie simu hadi afike. Katika daftari la shule nimechora safu tatu, na katika ya kwanza nikaandika ninachotabiri: "Nisipopiga simu, wasiwasi utafika 10 na utabaki hapo hapo hadi afike." Simu niliifungia kabatini, chini ya kanga. Saa moja na nusu, kwa hesabu yangu basi likiwa linakaribia Segera, nilijipa 8. Mikono ilitoka jasho, nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilisimama mbele ya kabati mara mbili. Mtaalamu alikuwa amenionya kwamba hata kumtuma jirani anipigie ni kupiga simu kwa mkono wa mwingine, na kweli wazo hilo lilinijia. Saa nne ilikuwa 6. Adhuhuri, nikichambua mchicha, nilishtuka kwamba kwa muda fulani sikuwa nimewaza basi kabisa, nikaandika 3.

Saa nane kasoro simu ikalia mle kabatini. Nikaiacha ilie mara tatu ndipo nikaitoa.

"Mama, shikamoo. Mbona leo hukupiga? Unaumwa?"

"Marahaba, baba. Mzima kabisa."

"Basi nimekaa njia nzima na wasiwasi."

Nilicheka hadi akaudhika. Hilo nalo nimeliandika katika safu ya tatu, ya yaliyotokea, ingawa sijui mtaalamu atalipa namba gani.