Yeronimo na Mwalimu wa Usiku

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii limenikaa moyoni jambo moja: Yeremia 29:11 inavyozunguka kwenye simu zetu, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", wala hatumwoni anayetuma na aya ya 10. Ndiyo maana nimemkumbuka Mtakatifu Yeronimo, padre na msomi aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, tunayemwadhimisha tarehe 30 Septemba.

Yeronimo alisoma Roma, na Kilatini chake kilikuwa cha kupigiwa mfano. Alipokaa jangwani Siria, mawazo ya tamaa yalimwandama hata akiwa amefunga. Ili ayashinde, akajiweka chini ya Myahudi mmoja aliyeongoka kuwa Mkristo, amfundishe Kiebrania kuanzia herufi. Anaandika mwenyewe kwamba mara nyingi alikata tamaa akaacha, kisha akaanza upya.

Mwaka 386 alihamia Betlehemu. Alikwisha kuwa na jina, kwani Papa Damaso alikuwa amemkabidhi kazi ya kusahihisha Injili za Kilatini, lakini alirudi tena kuwa mwanafunzi. Mwalimu wake Baranina alimjia usiku akiwaogopa Wayahudi wenzake, na Yeronimo akamfananisha na Nikodemo aliyemjia Yesu usiku. Ili akielewe kitabu cha Ayubu, alimlipa mwalimu kutoka mji wa Lida fedha si haba. Kitabu cha Tobiti kilikuwa kwa Kiaramu, akatafuta mtu aliyekijua pamoja na Kiebrania. Yule alitamka kwa Kiebrania, Yeronimo akamwambia karani kwa Kilatini, na kwa siku moja wakamaliza. Mjane Paula, aliyegharimia monasteri zao, naye alijifunza Kiebrania hadi akaziimba zaburi kwa lugha hiyo.

Sisi Biblia tunayo kwa Kiswahili, na bado kusoma sura nzima kunatushinda! Yeremia 29 ni barua kwa waliohamishwa Babeli. Aya ya 5 inawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani. Aya ya 10 inataja miaka sabini kabla ya kurudishwa kwao. Wengi walioisikia walikuwa wazikwe huko huko. Ukimtumia asiye na kazi aya ya 11 peke yake, ataielewa kuwa ni ya mwezi huu. Mwezi ukipita bila kitu atamlaumu Mungu, na aliyemdanganya ni wewe. Ndugu, tuache uvivu huu!

Kabla ya kutuma aya, soma sura yote kwa sauti. Hii ina aya 32, hata dakika kumi hazifiki. Tazama nani anasema, anasema na nani, na hao wako wapi. Ukikwama, muulize katekista, na swali uliandike lisipotee.

Jumuiya zitakazoisoma wiki hii zianzie sura ya 28. Humo nabii Hanania anawatangazia watu kwamba kongwa la Babeli litavunjwa ndani ya miaka miwili, na Yeremia anamwambia wazi kwamba Bwana hakumtuma.