Jumamosi yangu moja ya Novemba: kuchimba, kuosha na kuuza sanchoki huku Maine

Kila nikiposti picha za bustani yetu lazima mtu aniulize, dada hiyo nayo ni kazi? Ndiyo ni kazi, na leo nawaandikia ilivyo kuanzia asubuhi hadi usiku. Tunaishi Maine, kaskazini mashariki kabisa mwa Marekani, nyumba ya kupanga yenye uwanja mrefu nyuma, mwenye nyumba alituruhusu tulime na sisi tukalima mpaka kwenye uzio. Majira ya joto tunakuwa na mchicha, matembele, nyanya chungu, vitu ambavyo mtu aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania kama mimi anavilima akiwa amefumba macho. Oktoba baridi inapita inaua vyote. Inabaki sanchoki peke yake, yaani viazi vya alizeti, mmea wa ukoo mmoja kabisa na alizeti ila chakula chake kiko chini ya ardhi.

Saa kumi na moja alfajiri. Nasali, nakunywa chai, mdogo wangu anawasha gari lianze kupata moto, tunavaa mataa ya kichwani tunatoka nje.

Sasa kwenye kuchimba hapo ndo watu hawaelewi. Mmea umepanda mpaka mita tatu wakati wa kiangazi, Septemba umetoa maua ya njano mazuri sana, halafu baridi ya kwanza imeukausha wote, sisi tumekata mashina tukaacha kipande kirefu kidogo kila shina ili tujue pa kuchimba. Huchomeki uma wa bustani karibu na shina maana utavitoboa viazi, unaanza mbali, unainua udongo polepole, unasogea kuelekea katikati, halafu unaweka uma pembeni unapiga magoti unapekua kwa mikono. Juu ya udongo kuna barafu nyembamba inayovunjika kama biskuti, chini udongo bado ni mlaini ila baridi yake inaingia mpaka kwenye kucha hata ukivaa glovu. Na lazima upekue kweli, kipande kidogo tu ukikiacha mwakani kinaota, na ukizembea miaka miwili mitatu bustani yote imekuwa sanchoki, huna tena pa kupanda mchicha. Kwa hiyo tuta letu liko peke yake pembeni na pande zote tunafyeka nyasi, chipukizi likitokea nje ya mstari linakatwa.

Shina moja likijaa vizuri linajaza nusu ndoo. Hapo ndo nafurahi, siwezi kuficha.

Saa moja kasoro jua linachomoza na tunaanza kuosha. Kiazi mviringo ukikimwagia maji umemaliza, sanchoki imejaa vinundu, kinundu juu ya kinundu, na katikati ya kila vinundu viwili kuna udongo umejibana. Unaloweka kwenye beseni, unapiga maji ya mpira, halafu unachukua brashi moja moja. Ngozi yake ni nyembamba sana, ukisugua kwa nguvu inachubuka na ikichubuka inaanza kuwa nyeusi, ukisugua kidogo udongo unabaki na mteja anakunja uso. Maji yenyewe ni ya Novemba. Mikono inakufa ganzi mpaka huisikii brashi, mama mkwe anatuletea maji ya uvuguvugu kwenye jagi tunachovya vidole tunaendelea. Hatuoshi Ijumaa kwa sababu zikishaoshwa zikakaa kwenye hewa kavu zinanyauka haraka, zinalegea kama karoti ya wiki tatu, na mimi siuzi kitu kilicholegea.

Saa mbili na nusu tumepakia, saa tatu soko limefunguliwa, tenti imesimama, mizani iko mezani, kreti tatu zimejaa na bei imeandikwa, dola 5 paundi moja.

Asubuhi inaenda vizuri. Wapishi wa migahawa wanakuja mapema wanachagua zile zenye vinundu vichache kwa sababu ya kumenya, bibi mmoja wa Kimarekani kila wiki anachukua paundi moja, mama mmoja wa Bujumbura anapita anasema "Mwanangu hii tangawizi mbona kubwa hivi?" namkatia kipande aonje mbichi, anatafuna, anasema ina utamu kama nazi changa halafu inalia mdomoni, anachukua.

Halafu kama saa tano hivi, foleni ikiwa ndefu kuliko muda wote, anakuja yule mzee.

Alinunua paundi mbili wiki iliyopita, namkumbuka vizuri kwa sababu nilimwambia kwa mdomo wangu, baba kama hujawahi kula anza na vipande vitatu vinne. Leo kaja na mfuko wenye mabaki, anaupiga juu ya meza, anaanza kusema kwa sauti kwamba yeye na mkewe hawakulala, tumbo limejaa gesi usiku kucha, kwamba nauza kitu kibovu. Watu wote kwenye foleni wananyamaza wanasikiliza. Namuuliza mlikula kiasi gani, anasema zote karibu, kwa mkao mmoja, zimechomwa kwenye oveni.

Basi naanza kumweleza, kwa Kiingereza changu hiki, na mizani huku imesimama. Namwambia hizi hazina wanga kama wa viazi mviringo, zina kitu kinaitwa inulini, na mwanadamu hana kimeng'enya cha kuivunja, kwa hiyo inapita tumbo na utumbo mwembamba bila kuguswa inafika utumbo mpana, kule bakteria wanaishambulia na kazi yao ndo hiyo gesi. Kibovu hapo hakuna. Bakteria wenyewe ni wazuri na wanahitaji kula, mwili unazoea ukienda taratibu. Ukitaka kupunguza unachemsha kwa maji yenye limao kama robo saa, asidi inaanza kuivunja inulini kabla hujala. Namwambia na hili la tumbo halijaanza jana, Mwingereza mmoja anaitwa John Goodyer alipewa mizizi yake miwili midogo mwaka 1617 akaipanda, na 1621 akaandika malalamiko yale yale ya gesi na maumivu ya tumbo, tena kwa maneno makali kuliko ya kwako.

Hakutaka. Akaanza kuchukua sanchoki kwenye kreti anavunja vinundu anazinusa anazirudisha, moja baada ya nyingine, nikamwomba aache, na ndo hapo akasema: "Hili ni gugu, linaota lenyewe kando ya barabara, wewe unalipisha dola 5 kwa gugu."

Hapo ndo paliniuma. Mmea unaota wenyewe, sawa. Watu wa asili wa nchi hii waliulima kabla ya mtu yeyote hajaja na meli, Mfaransa mmoja mpelelezi, Champlain, alipofika Cape Cod, pwani ya Massachusetts, mwaka 1605 aliikuta mizizi hii kwenye mashamba yao akasema ina ladha ya atichoki, ile mboga ya Ulaya, kwa hiyo hata hapo mwanzo kuna mtu alikuwa anachagua, anapanda, anachimba. Haijichimbi. Haijioshi. Nikamwonyesha vidole vyangu vilivyopasuka nikamwambia bei iko hapa. Akataka hela yake, foleni nyuma yake imeshaanza kupungua, watu wanaondoka mmoja mmoja, nikampa dola 10 zake akaondoka bila kusema lolote. Aliniharibia kama nusu saa nzuri ya soko na zile alizozivunja haziuziki, mdogo wangu akaziweka ndoo ya pembeni. Dada mmoja aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni akabaki, akaniuliza ile ya limao nirudie polepole aandike kwenye simu.

Mchana wote baada ya hapo sikumbuki vizuri saa ngapi ni saa ngapi. Nilikuwa nauza huku kichwa kinauma. Miguu iliganda kwenye buti. Tukakunja tenti saa nane, tukapeleka kreti moja kwenye mgahawa uliokuwa umeagiza, mpishi yuko bize tukasubiri mlangoni kwa muda mrefu sana, tulipotoka jua lilikuwa linazama, na huku Novemba linazama saa kumi jioni tu.

Nyumbani bado. Unaosha kreti, unakausha uma usishike kutu, unahesabu hela, na mabaki yenye udongo yanarudi kwenye mfuko wenye matundu ndani ya friji.

Mama mkwe alikuwa ameshapika. Zile zilizovunjwa na mzee akazikata nyembamba na maganda yake, akazichemsha kwanza na limao, akamwaga maji, akaunga kwa kitunguu, nyanya na pilipili na tui la nazi kidogo mwishoni, hazichemshwi sana maana zinageuka uji ghafla. Tukala na sombe, yaani kisamvu, na ugali. Nyingine kazikata mbichi kwenye kachumbari na ndimu na chumvi, watoto wanagombania hizo. Mwaka wetu wa kwanza tulikula kijiko kimoja kimoja, sasa hivi tunakula sahani na tunalala vizuri.

Nusu ya tuta hatutaligusa mpaka Aprili. Wiki ijayo tunalifunika kwa majani makavu mengi, ardhi ikiganda huwezi kuchimba tena ila zenyewe chini ya udongo haziharibiki, baridi inazidi kugeuza inulini kuwa sukari na za Aprili ndo tamu kuliko zote. Walioniomba mbegu nimewaandika, nitawachimbia wakati huo, mpande sentimita 10 chini na mziwekee tuta lao peke yake.