Seva ya akiba hupimwa kwa kung'oa kebo

Mkandarasi aliyetufungia mfumo wa seva mbili zinazolisha skrini za opereta, moja kazini na moja ya akiba, alikwenda kwenye seva ya kwanza, akaizima kwa kubonyeza menyu, ya pili ikapokea kazi, watu wakapeana mikono na cheti kikasainiwa. Hilo kwake ndilo jaribio. Mimi sikulala. Seva inayozimwa kwa heshima humuaga mwenzake kabla ya kuondoka. Inayokufa kwa radi za masika hapa Tanga haiagi mtu.

Kiwanda chetu ni cha chokaa, mawe yanachomwa kwenye nyuzi 900 na ushee. Seva zikifa zote, PLC (kompyuta ndogo inayoamrisha mitambo moja kwa moja) inaendelea kuendesha feni na mikanda, ila opereta anabaki kipofu. Kwa hiyo nilingoja tanuri lipoe kwa matengenezo. Anayejaribu haya likiwa la moto asinitaje.

Kwanza niliweka ndani ya PLC kihesabu kinachoongeza moja kila sekunde, nikakichora kwenye grafu ya opereta. Ukikata, pengo kwenye mstari ndio upofu wenyewe. Tuliahidiwa sekunde mbili. Nikang'oa kebo ya mtandao, pengo likakaribia nusu dakika! Seva ya pili ilishapokea zamani, kumbe skrini ndizo zilizokuwa bado zinamngoja marehemu ajibu. Nikapunguza muda wa kungoja, basi.

Utamu ulikuwa kwenye kebo ile fupi inayounganisha seva mbili zenyewe. Nikaichomoa, seva zote zikiwa hai. Kila moja ikaamini mwenzake kafa, zote zikajitangaza kuu. Mama mmoja wa zamu, mkongwe kuliko mitambo yenyewe, akaniita: "Mwanangu, kengele hii nimeizima mimi, mbona kwa mwenzangu bado nyekundu?" Nikamwambia aweke feni asilimia 60, mwenzake aweke 45. PLC ikawa inamtii aliyeandika mwisho. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hapa walikuwa wawili tu.

Mkandarasi kwa simu akanishauri ninunue seva ya tatu iwe shahidi. Mamilioni hayo! Shahidi tulikuwa naye tayari, PLC yenyewe. Nikatenga ndani yake rejista mbili, yaani visanduku vya kuhifadhi namba: moja ina namba ya seva iliyo kazini, nyingine seva hiyo inaipandisha kila sekunde. Ya akiba ikikosa mapigo ya mwenzake, ile ishara ya kusema "nipo hai", kwanza inachungulia rejista. Inapanda? Inatulia. Imesimama? Inaweka namba yake na kushika kazi. Na ile iliyozinduka, kabla haijaandika chochote, inasoma kwanza. Ikikuta namba si yake inakaa pembeni mpaka mtu airudishe kwa mkono. Usiiache ijirudishe yenyewe, utaikuta inazima na kuwaka usiku kucha.

Tena hii inanasa hata programu iliyoganda huku mashine bado inajibu ping (hodi ya mtandao ya kuuliza kama mashine ipo), ugonjwa ambao jaribio la menyu halitauona hata siku moja. Gharama ni usiku wangu na kebo ya pili iliyopita njia nyingine, haikufika hata laki.

Sasa mkandarasi anaomba nimtumie hicho kipande cha programu akafunge kwingine. Nimemjibu aje kwanza aeleze kwa nini seva zote mbili kazichomeka kwenye UPS moja, betri moja ya kushikilia umeme ukikatika.