Gharama ya tani moja: pale jedwali linapodanganya

Ukiletewa jedwali la miradi ya kupunguza hewa ukaa, usikimbilie safu ya mwisho yenye gharama kwa kila tani. Anza na kiwango cha punguzo, kile kinachoshusha thamani ya fedha za miaka ijayo. Hasara ya dola 100 itakayotokea baada ya miaka 50 ina thamani ya dola 22.8 leo kwa kiwango cha asilimia 3 kwa mwaka. Kwa asilimia 7 inabaki dola 3.4 tu. Ripoti ya 2006 ya Nicholas Stern, mchumi wa Uingereza, kuhusu uchumi wa mabadiliko ya tabianchi ilitumia takriban asilimia 1.4, na wachumi wanabishana juu ya kiwango hicho mpaka leo.

Kisha tazama miradi yenye gharama hasi, yaani inayookoa fedha. Hapa ndipo wengi huteleza. Mradi A unaokoa dola 100 na kupunguza tani 10: ukigawanya unapata hasi 10. Mradi B unaokoa dola 100 zilezile lakini unapunguza tani 5: hasi 20. Jedwali litautanguliza B, ingawa A ni bora waziwazi! Kwa miradi ya aina hii acha kugawanya. Weka akiba na tani kwenye safu mbili tofauti.

Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Ukibadili mabasi yatumie umeme, kwanza ondoa kwenye tani ulizookoa hewa ukaa ya mitambo inayouzalisha umeme huo. Bei ya dizeli nayo iondolee kodi: kwa taifa, kodi ni fedha inayohama mfuko, si gharama. Wizara ya fedha itauliza kuhusu pengo la mapato ya kodi dizeli isiponunuliwa, kwa hiyo liandikie mstari wake.