Vumbi la Mbao Lililolowa

Jana mvua ya mchana ilipokata nilipita nyuma ya karakana ya seremala wa kona yetu, harufu ikanisimamisha kabla sijaona kitu. Vumbi la mbao lililolowa. Mtoto mdogo wa nyumbani alikuwa amenishika kidole, akauliza mbona hatuendi. Nikamwambia niliwahi kutandika zulia barabarani kwa vumbi kama hili, usiku kucha, na asubuhi watu wakalikanyaga.

"Wakalikanyaga kwa nini?"

Nikamnyamazisha kwa karanga.

Ilikuwa Antigua, mji wa Guatemala, Amerika ya Kati, wakati wa Kihispania changu cha kuokoteza, nyumbani kwa mama mmoja mwenye nyumba. Ilikuwa Juma Kuu. Mji ule ulikuwa makao ya watawala wa Kihispania hadi tetemeko la 1773 lilipoubomoa na serikali ikahamia bondeni kwingine, na ninavyouona mimi, waliobaki hawajawahi kukubali kwamba wameachwa. Nyumba nyingi kwenye njia ya maandamano ya Ijumaa Kuu zinatandika zulia mbele ya mlango. Letu lilipimwa kwa kamba: urefu mita 8, upana mita 2 na nusu.

Kazi inaanza siku kadhaa kabla, kwa kutafuta vumbi. Tulilifuata nje kidogo ya mji, tukarudi nalo kwa basi, magunia 11 juu ya paa. Mabasi yale ni ya kubebea wanafunzi wa Marekani, yakichoka huko yanaletwa Guatemala kupakwa rangi upya na kutiwa manjonjo. Kiti cha watoto wawili kinakaliwa na watu wazima watatu, wa tatu akiwa na tako moja tu kwenye kiti na jingine hewani. Utingo hupanda paani kwa ngazi ya nyuma gari likiwa mwendoni, na ukimsikia anavyoita "Guate, Guate, Guate!" utadhani uko Ubungo. Sokoni tukashusha, tukakodi toroli. Nikaambiwa nisipotee: barabara za avenida zinakwenda kaskazini na kusini, za calle mashariki na magharibi, na ukivurugikiwa tafuta mlima wa volkano uitwao Agua, huko ndiko kusini. Nilipotea mara moja tu, ukungu ulipoufunika.

Vumbi la mbao nyeupe ndilo linaloshika rangi. La mbao nyekundu au nyeusi hata ulitie njano ya yai litatoka tope, kwa hiyo hilo huwekwa msingi. Tukalichekecha lote mara mbili, maranda na vijiti tukavitupa, kwa sababu kijiti kimoja kikikaa chini ya kiolezo huchora mstari ambao hukuuomba. Rangi ni anilina ya unga. Kipimo cha mama kilikuwa kijiko kimoja cha chakula kwa lita 3 za maji ya moto, unamimina kidogo kidogo ndani ya beseni huku ukifikicha kwa mikono kama mtu anayechanganya unga wa chapati na mafuta. Ukifinya konzi, lishikane bila kudondosha maji. Likidondosha, ongeza vumbi kavu. Nyeupe haitiwi kitu. Nilifikicha buluu bila glavu, na kucha zangu zilikwenda nayo hadi wiki ya pili.

Saa tatu usiku wa Alhamisi Kuu tukaanza. Magunia 6 ya vumbi jeusi yalikwenda chini, kina cha sentimita 3 hivi, kwa kuwa barabara ni ya mawe na kila jiwe lina kimo chake. Tukavuta ubao ulionyooka juu yake kama fundi anayesawazisha zege, tukalowesha, tukashindilia. Kisha zambarau ya chini. Juu ya zambarau maua ya yungiyungi meupe yenye kingo za buluu, kwa violezo vya kadibodi iliyopakwa vanishi ili isinywe maji.

Ukishatandika huwezi kukanyaga tena, kwa hiyo tulilaza mbao tatu kutoka ukingo hadi ukingo juu ya ndoo zilizofudikizwa na kufanya kazi tukiwa tumepiga magoti juu yake, tukirudi nyuma taratibu. Mbao zilikuwa za jirani, za rafu ya duka lake. Mama alituonya mara nne, kwa hesabu yangu, kwamba mbao ni za watu.

Kiolezo unakilaza, unapitisha rangi kwa chekeche hadi ifike nusu sentimita, unaigandamiza kwa kiganja kilicho bapa. Kukinyanyua ni kazi ya watu wawili, kwenda juu moja kwa moja, hakuna kuinamisha. Binti wa mwisho wa nyumba ile alikuwa anasema "ya!", yaani "sasa!", na sote tunazuia pumzi. Ua linabaki chini, kingo kali kama limekatwa kwa wembe. Sijui kama nimewahi kujisikia fundi kiasi kile, na kazi yangu ilikuwa kushika pembe moja tu.

Maji ndiyo yanayoliweka zulia hai. Likikauka upepo wa alfajiri unalipeperusha, na jua likitoka linapauka na kupasuka. Ukilizidishia, anilina haina kinachoishika pale ilipo: inafuata maji yanakokwenda, na nyeupe ndiyo ya kwanza kuyanywa. Saa kumi alfajiri nilipewa bomba la kupulizia dawa, lile la mgongoni la wakulima wa nyanya. Maelekezo yalikuwa wazi: elekeza juu, ukungu ushuke wenyewe kama umande, usisimame mahali pamoja.

Nilisimama. Volkano nyingine ya kule, Fuego, hutema moto mara kwa mara, na usiku ule ilirusha cheche nyekundu zikamiminika ubavuni bila sauti. Nikageuza kichwa. Mkono wa kushoto ukaendelea kupampu.

Nilipotazama chini, ua la tatu lilikuwa linakunywa. Buluu ilitoka kwenye kingo na kuingia ndani ya petali polepole, vimishipa vyembamba kama vya jani, kila kimoja kikitangulia kidogo, kikisita, kikitangulia tena. Nilikuwa na muda wa kupiga kelele. Sikupiga. Nilisimama na bomba mgongoni nikiangalia mshipa mmoja unavyotambaa kuelekea katikati, na aibu yangu ni kwamba niliona unapendeza.

Mama hakunigombeza. Alipanda ubao kwa magoti yake yale mabovu, akamwaga konzi ya vumbi jeupe kavu juu ya doa, akahesabu kimoyomoyo, akalichota kwa kijiko kama anayetoa mafuta juu ya mchuzi. Akarudia, na tena. Mara ya nne akatandika jeupe jipya na kulibonyeza kwa sehemu ya nyuma ya kijiko. Kivuli kilibaki. Nikapendekeza tuweke juu yake maua ya corozo, yale ya mti wa jamii ya minazi yenye harufu kali yanayouzwa kila kona wakati ule. Akakataa. Ukifunika, alisema, kila mtu atauliza kuna nini pale.

Basi hadi jua linachomoza nilikuwa nalinda lile ua, nikifukuza mbwa na watalii.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kwanza moshi wa ubani hadi paa la jirani halionekani. Kisha mtu mwenye mti mrefu wa panda, kazi yake kuinua nyaya za umeme ili sanamu ipite. Nyuma yake jukwaa la mbao lenye sanamu ya Yesu na msalaba wake, juu ya mabega ya makumi ya wanaume wenye kanzu za zambarau, safu mbili, wamepangwa kwa kimo ili mzigo usimlemee mmoja. Wanayumba pamoja, kulia, kushoto, kwa mwendo wa bendi iliyo nyuma. Watu wengine wote hubaki pembeni. Zulia ni lao tu.

Sikuangalia sanamu. Niliangalia kiatu. Cheusi, kimepigwa rangi, kamba zimefungwa fundo mbili. Kilitua kwenye ua la pili, kikazunguka kidogo kwa uzito, kikanyanyuka na weupe kwenye soli. Hatua iliyofuata ilikuwa kwenye langu.

Baada yao likaja jukwaa la Bikira Maria, limebebwa na wanawake, kisha lori la manispaa na wafagiaji. Huenda robo saa yote kwa pamoja. Nilikuwa nimesikia watalii wakiambiana mambo mazito kuhusu uzuri usiodumu, nikamgeukia mama nione anasemaje. Alikuwa anahesabu mbao.

Haya yote nilimsimulia mdogo jana usiku, pamoja na kiatu. Alisikiliza hadi mwisho, akatafuna karanga ya mwisho.

"Mbao za watu mlirudisha?"

Tulirudisha mbili, nikamwambia. Ya tatu ilikuwa na alama mbili za buluu, za magoti yangu, na mama alinipa brashi na sabuni ya mche, akaniketisha nayo uani. Mchana wote wa Ijumaa Kuu nilikuwa naisugua.