Siku ya kura ya lugha, Riga 2012

Februari 18, 2012 ilikua Jumamosi, baridi kali, na Latvia nzima ilikua inapiga kura ya maoni kwa swali moja: Kirusi kiwe lugha rasmi ya pili kikatiba au hapana. Mimi nilikua mwanafunzi Riga, mji mkuu, nimepanga chumba kwa bibi mmoja Mrusi, maana Kirusi nilishakisoma mwaka mzima kule Voronezh, Urusi, na Kilatvia ndo kwanza nilikua naanza. Tulikua watatu mle ndani, bibi, mjukuu wake na mimi.

Bibi alitoka Pskov, Urusi, miaka ya 60 akiwa binti, akaajiriwa VEF, kiwanda cha redio na simu, akaolewa, akazaa, na mume wake alipofariki akamzika hapo hapo Riga. Sasa 1991 Umoja wa Kisovieti unavunjika, Latvia ikaamua uraia ni wa wale waliokua raia kabla ya Juni 1940, Wasovieti walipoiteka nchi, na uzao wao, waliobaki wote, zaidi ya watu laki saba, wakaitwa wasio raia. 2012 walikua bado karibu laki tatu, na bibi yumo. Pasi yake imeandikwa kabisa kwenye jalada kwamba ni ya asiye raia. Akitaka kwenda Urusi kumuona dada yake anaenda bila viza, wakati mjukuu ambae ni raia anahitaji viza, lakini kupiga kura hapana, hata ya diwani wa mtaa wake haruhusiwi. Kijana yeye alizaliwa baada ya 1991, mama yake akamwandikisha uraia, kwahiyo nyumba nzima mpiga kura ni yeye peke yake.

Asubuhi bibi akampigia shati pasi, akamlazimisha anywe chai kwanza. Kule wakati ule mtu akipiga kura alikua anagongewa mhuri kwenye pasi yake ya kusafiria, basi kijana aliporudi bibi akavaa miwani, akafungua ule ukurasa akautazama weee, akapitisha kidole juu ya mhuri kama anahakikisha umekauka, alafu akamrudishia bila kumuuliza kapiga nini. Kijana akasema mwenyewe, nimepiga ndio, bibi, japo najua haitapita.

Mchana akaja jirani wa ghorofa ya chini, mama wa Kilatvia, kaleta pīrāgi, vile vimkate vya nyama ya nguruwe, bado vya moto. Wamekua majirani miaka na miaka na wanaongea Kirusi siku zote. Akakaa, akasema wazi kapiga hapana. Jikoni kukawa kimya kidogo. Alafu akaanza kueleza, na nadhani alikua anatueleza mimi na kijana zaidi kuliko bibi: mama yake alibebwa na Wasovieti Machi 1949 akiwa mtoto, na familia yote, kwenye mabehewa ya mizigo mpaka Siberia, waliporudi miaka ya 50 wakakuta dukani na ofisini mambo ni Kirusi Kirusi, na kufika 1989 Walatvia walikua asilimia 52 tu kwenye nchi yao. Akasema nyinyi lugha yenu ina Urusi nzima nyuma yake, yetu ikifa hapa hakuna kwingine itakapoongelewa.

Bibi akamjibu kwa sauti ya juu, mimi sikumbeba mama yako! Nimeunganisha simu zenu, kodi nimelipa, leo nikafanye mtihani wa uraia kuthibitisha mimi ni mtu wa hapa?

Mimi nimekulia Moshi, nyumbani Kichaga, shuleni Kiswahili, na hakuna aliyewahi kuniambia Kichaga changu kinanipunguzia utanzania, kwahiyo uchungu wa bibi ulinishika moja kwa moja. Ila yule mama nae alikua anasema kweli tupu. Woga wa lugha kupotea una sababu zake pale, na kumnyima kura bibi aliyezeeka kwenye nchi ile hakuilindi hiyo lugha hata kidogo, mpaka leo nasimama hapo. Kijana anaongea Kilatvia kizuri kuliko wengi na ndie aliyepiga ndio.

Matokeo tukayasikia kesho yake, karibu asilimia 75 hapana, 25 ndio. Kule Latgale, mkoa wa mashariki wenye Warusi wengi, kura ya ndio ilishinda, hasa mji wa Daugavpils. Jumatatu bibi akarudisha sahani ya jirani, kaijaza biskuti, na huko chini wakabishana tena karibu saa nzima, tunawasikia mpaka juu.

Tangu Januari 2020 mtoto wa wasio raia akizaliwa Latvia anapewa uraia moja kwa moja. Kijana aliniandikia sheria ilipopita, akasema hii ilitakiwa 1991, na mimi naona hivo hivo. Bibi mtihani hajafanya, na anasema hafanyi.